Collins, Asali na Miji ya Watu wa Zamani

Jumamosi, 3 Mei

Na bado amekaa! Tumetoka London, tumepita mashamba ya kondoo, tumepita kanisa lenye mnara uliopinda, na Collins bado amekaa kwenye kiti changu. Kiti changu! Nilikiwekea jaketi asubuhi kabla mtu yeyote hajapanda. Dirishani Gakii, kando ya Gakii jaketi yangu. Collins akaja, akainua jaketi, akaikunja vizuri, akaniletea mkononi. Ati nimeisahau. Nikamwambia asante. Asante! Mimi ni mjinga wa aina gani?

Sasa niko nyuma kabisa, karibu na choo cha basi, naandika kwa magoti. Choo kinanuka. Hasira imenifika masikioni.

Hizi ziara ni za kamati ya kanisa letu la Edmonton. Mwenyekiti ni Auntie Serah, dada ya mama, kwake ndiko ninakolala. Alisema Wakenya wa Edmonton wanajua warehouse, care home na treni ya Overground peke yake. Kwa hivyo mwezi huu twende tukaone miji midogo ambayo watu wake bado wanashika mila za zamani. Jumamosi tatu, miji mitatu. Mimi na mila za Mzungu wapi na wapi? Nimejiandikisha kwa sababu katibu wa kamati ni Gakii.

Na kwa sababu ya Mzee Solomon. Huyo ni baba mdogo wa Gakii, ndiye mzazi wake hapa London. Amechoka na baridi, anarudi Meru kabisa tarehe moja mwezi wa sita. Juzi kanisani alisema mbele ya watu kwamba mwenye kumtaka msichana wake amwone kabla hajapanda ndege. Akishafika nyumbani atamtafutia bwana huko huko. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mzee Solomon hana mzaha tangu nimjue.

Baadaye. Mji wa leo ni Little Hansby. Mila yao: wanaume wazima wenye vitambi wanafunga njuga kwa magoti, wanashika leso nyeupe, wanaruka mbele ya baa. Njuga! Kwetu Igembe, huko Meru, mimi nilifungwa njuga kabla sijajua kufunga viatu. Miguu yangu ilikuwa inawasha. Nikasimama nyuma ya hema la keki nikiwashikia akina mama mikoba.

Collins ni mtu wa Busia, anauza simu, anacheza kama mtu aliyekanyaga siafu. Aliingia tu. Akaomba leso, wakampa. Wenzake wakiruka kulia yeye anaruka kushoto. Wazungu wakapiga makofi, Gakii akacheka mpaka akashika tumbo. Mzee Solomon akasema huyu kijana haogopi mila za watu.

Haogopi kwa sababu hajui! Anayejua ndiye anaogopa!

Kurudi, Gakii alipita akigawa biskuti. Akafika kwangu nyuma. Akasema, "Philemon, wewe huongei, lakini macho yako hayapitwi na kitu."

Hapo ndipo mwanaume anasema neno. Nilikuwa nalo. Lilikuwa tayari kabisa kwa ulimi.

Nikamwambia choo hakina maji.


Jumatatu, 5 Mei

Bank holiday. Uingereza yote imelala, warehouse yetu haijalala. Nimebeba maboksi na kila boksi nimelipa jina la Collins. Mengine nimeyatupa. Supervisor akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa! Kwani uso wangu una nini?

Lakini nimepata akili. Jumamosi ijayo ni Ambleford. Auntie Serah ametusomea habari zake. Watu wa huko ni kama wale Waamishi wa Amerika. Hawana stima, hawana gari, hawana televisheni. Wanatumia farasi. Farasi! Collins amewahi kumgusa mnyama gani? Mimi nimeacha shule darasa la sita, ndiyo, lakini nimeendesha punda wa maji miaka yote hiyo. Nitashika hatamu, Gakii atapanda, tutazunguka shamba tukiwa wawili. Na farasi hataniambia niongee Kiingereza.

Nikamwomba Auntie Serah aniandike kuwa mtu wa farasi. Alikuwa anapiga pasi yunifomu yake ya kazi. Akauliza, msichana umeshindwa kumsalimia, sasa unataka kuongea na farasi? Nikamwambia ni mambo ya mila. Akasema sawa, lakini kabla ya farasi kuna unga.

Maana kamati imeamua hatuwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Sukari, majani, unga wa ngano na chapati za kupikwa usiku wa kuamkia safari. Nani atabeba mpaka kwa basi? Mtu wa farasi.

Na Gurmit naye! Gurmit ndiye mwenye basi. Singasinga wa Queensbury, mzaliwa wa Nakuru, ndevu nyeupe mpaka kifuani, Kiswahili chake amekipika mwenyewe. Nilipompigia simu kuhusu mizigo akasema, "Kijana, unga nakwenda chini, watu nakwenda juu. Mimi hapana taka chapati kwa kiti yangu." Nikamwambia chapati zitakuwa zimefungwa. Akasema mwaka jana pia zilikuwa zimefungwa.


Jumamosi, 10 Mei

Sitaki kuona farasi tena maishani.

Tumefika Ambleford asubuhi. Wanaume wana kofia nyeusi na ndevu bila masharubu, wanawake wana kofia nyeupe za kufunga kidevuni. Nguo zimekauka kwa kamba, kimya kila mahali. Mzee Solomon akashuka, akavuta hewa, akasema, "Hapa sasa kuna watu." Wenyeji walipokea unga na sukari kwa mikono miwili, na chapati wakazila hapo hapo wakiwa wamesimama. Auntie Serah karibu alie.

Sheria yao moja: usiwapige picha. Gakii alitutangazia kwenye basi, akarudia. Mimi simu yangu niliizima nikaiweka ndani ya soksi. Nani aliona? Hakuna! Collins akashuka tu akapiga picha, yeye mbele, mzee wa wenyeji nyuma. Nikasema, Mungu yupo, leo anafukuzwa. Mzee wao akamwendea polepole, akamweleza kwa upole. Collins akaomba msamaha, akafuta picha mbele yake, akavua kofia. Mzee akampenda! Akampeleka jikoni kwake amwonyeshe jiko la kuni. Sasa mtu anayevunja sheria anaonyeshwa jiko, na mimi niliyeweka simu kwa soksi nimepata malengelenge.

Haya, farasi. Nikanyoosha mkono, wakanipa gari la farasi wa kijivu, mpole, mnene. Nikamtafuta Gakii kwa macho. Auntie Serah akaona gari liko tayari, akapanda. Akamvuta Mzee Solomon, naye akapanda. Gari limejaa! Ningewaambia nini? Washuke?

Nikapiga ulimi kama tunavyopigia punda. Farasi akatembea vizuri. Nikaanza kujiona mtu. Tukafika geti la kwanza, akasimama. Nikavuta hatamu, nikamsihi kwa Kimeru, wapi. Kumbe huyu farasi ndiye anayegawa mayai Ambleford kila Jumamosi, na nyumba za wateja wake anazijua kwa moyo. Hasogei mpaka mwenye nyumba atoke na bakuli. Mama wa kofia nyeupe akatoka na bakuli. Mayai hatuna. Ikabidi mimi, mimi ambaye siwezi kumsalimia jirani, nimweleze kwa Kiingereza kwamba sisi si mayai, sisi ni Wakenya. Akasema karibu. Farasi akaondoka. Geti la pili, akasimama.

Ambleford ina mageti mengi.

Mzee Solomon alifurahi sana. Akawa anawasalimia wenye mabakuli kutoka nyuma kama anagombea ubunge. Tuliporudi, Gakii na Collins walikuwa wamekaa kwa benchi moja wakimenya viazi, wanacheka. Viazi gani vya kuchekesha?

Lakini jambo kubwa ni hili. Wakati wa chakula Auntie Serah alimuuliza mzee wa wenyeji wanaoana vipi. Gakii akatutafsiria. Mzee wao alisema zamani, na wachache mpaka leo, kijana wao haendi mwenyewe kwa wazazi wa msichana. Ni aibu. Anamwendea shemasi wa kanisa kisirisiri, na shemasi ndiye anayekwenda kumuulizia. Kijana mwenyewe anakaa kwake, hasemi neno.

Hasemi neno!

Nikaacha kula. Hawa watu walikuwa wapi maisha yangu yote? Mila nzima, imeletwa na Mungu, ya wanaume kama mimi!

Kando ya barabara kuna kibanda cha asali kisicho na muuzaji. Unachukua chupa, unaacha pesa kwa mkebe. Nimechukua chupa. Kwetu mtu hafungui mdomo kuhusu msichana wa watu kabla asali haijafika kwa mzazi wake. Asali ikionjwa, mlango umefunguka. Mzee Solomon anajua, kila Mmeru anajua. Basi asali ni ya kwetu, shemasi ni wa Ambleford. Nimeziunganisha mwenyewe, bila shule.

Sasa nani atakuwa shemasi?


Jumapili, 11 Mei

Shemasi wa kweli wa kanisa letu anaongea sana. Ukimwambia kitu saa nne, saa tano kiko Edmonton yote na wengine wamekiongezea mtoto. Hapana.

Auntie Serah ni mwanamke, tena atacheka.

Nikampigia Gurmit. Nikamwambia nina chupa, nataka ifike kwa Mzee Solomon kwa heshima. Akauliza ni dawa? Nikamweleza asali, Gakii, Ambleford, mambo yote, na jasho likinitoka. Gurmit akasema, "Kijana, wewe iko miguu. Iko mdomo. Kwenda wewe. Mimi naendesha basi." Akakata simu. Mtu mzima na ndevu zote hizo, hana huruma!

Nimekasirika mchana wote. Sikula ugali wa Auntie Serah, nimekula wa jioni tu.

Halafu jibu likaja lenyewe. Collins!

Najua. Lakini fikiria. Collins si Mmeru, hajui asali ni nini kwetu. Hatauliza, hatacheka, hatatangaza. Haogopi kumwendea mzee yeyote, na anapenda kutumwa, ndiyo kazi yake kujipendekeza. Na utamu wenyewe ni huu: adui yangu ndiye atanifungulia mlango, kwa mikono yake, na hatajua! Siku ya harusi nitamweleza. Nitamweleza polepole.

Nimelala nikicheka. Auntie Serah amegonga ukuta.


Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika kila kitu vile kilivyokuwa, ili siku moja mtu asome aone nilivyoibiwa.

Tulikuwa tunakwenda Corrow, mji wa wasuka vikapu. Tukasimama kwenye kituo cha mapumziko barabarani. Nikamwita Collins kando, nyuma ya basi. Nikampa chupa imefungwa kwa kitambaa safi. Nikamwambia ampelekee Mzee Solomon, ampe kwa mikono miwili, asimame mpaka Mzee aipokee. Na Mzee akiuliza imetoka kwa nani asitaje jina, aseme tu ni mtu anayemheshimu. Collins akauliza mbona. Nikamwambia ni mila. Akasema, sawa ndugu yangu, kwa mila mimi niko. Akajichungulia kwa kioo cha basi, akalowesha nywele kwa mate.

Watu wakapanda. Nikakaa kwangu nyuma, moyo unapiga kama njuga za Little Hansby. Collins akasimama mbele ya Mzee Solomon.

Mzee akauliza, "Hii ni nini?"

"Asali, Mzee."

"Imetoka kwa nani?"

"Kwa mtu anayekuheshimu, Mzee. Jina sitataja."

Wamama wa Meru ni wanne kwenye ile basi na wote walikuwa wameshageuza shingo. Mzee Solomon akamtazama Collins kutoka viatu mpaka nywele. Akavua kofia yake, akaiweka kwa goti. Akasema, "Umefunzwa vizuri. Mtu hajitaji mwenyewe."

Hapo ndipo nilisikia baridi.

Akamwita Gakii. Akamwambia, "Kijana ameleta asali. Nionje, ama nirudishe?"

Nikasimama! Naapa nilisimama. Mdomo nikafungua. Nilikuwa nasema ni yangu, asali ni yangu, mimi ndiye mwenyewe! Sauti haikutoka. Na Gurmit akaniona kwa kile kioo chake, akashika maikrofoni. "Wewe nyuma, kaa chini. Basi nakwenda."

Nikakaa chini.

Gakii alimtazama Collins. Hakutazama chupa. Akasema, "Onja, baba."

Mzee akatia kidole, akaonja.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa nani? Kwa Auntie Serah. Damu yangu! Dada ya mama yangu mzazi!

Collins alidhani ni birthday ya mtu. Akapiga makofi na yeye. Gakii akamvuta akae, akamnong'oneza. Nikaona macho yakimtoka, halafu akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikasema sasa atakataa. Sasa ataogopa, atasema ametumwa, atanionyesha kwa kidole, na mimi nitainama kwa heshima.

Collins akaja mpaka nyuma, basi likimyumbisha. Akanikumbatia. Macho yana maji. Akasema amekuwa akitafuta njia tangu Krismasi, hakujua Wameru wanaanzia wapi, aliogopa kuuliza asionekane mjinga. "Nani alikwambia, ndugu yangu? Ulijuaje?"

Na Gakii akaja nyuma yake. Akanishika mkono. Ndiyo mara ya kwanza amenishika mkono. Akasema, "Nilijua wewe umeona. Asante, Philemon."

Nikasema nini? Nikasema karibu.

Corrow sikuiona. Wanasema kuna vikapu. Niliketi kwa basi, na Gurmit akanipa chai kwa kifuniko cha thermos. Aliniangalia vile mtu anaangalia tairi iliyopasuka.


Jumatatu, 19 Mei

Nimemweleza Auntie Serah ukweli wote. Nilidhani atalia. Aliweka pasi chini akauliza, "Kama mdomo ulikuwa nao, ulikuwa umeuweka wapi?"

Nikamkumbusha ni yeye alipiga kigelegele. Akasema yeye hupigia asali, hapigii mtu. Nikamwambia nimeibiwa. Akasema mwizi hapewi na mwenye mali mkononi, imefungwa kwa kitambaa. Hasira! Nikatupa sponji kwa sinki, maji yakanirukia.

Lakini akaketi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nivae viatu niende kwa Mzee Solomon leo leo. Si mbali, ni mtaa wa pili. Niseme mimi mwenyewe, hata kama nitachelewa kumaliza. Akikataa amekataa, lakini nisikae hapa nikizeeka na neno kwa koo.

Nikaenda. Ndiyo, nilienda! Nikazunguka nyumba yake mpaka mbwa wa jirani akanizoea. Nikabisha.

Mzee alifungua mwenyewe. Korido imejaa masanduku. Akanikaribisha, akanipa kiti. Kabla sijaanza akasema amefikiria sana juu ya ile asali. Ambleford ni Ambleford, wao wanatuma shemasi. Kwake yeye mkono ulioleta ndio unaoomba. Kama kuna mwingine nyuma ya mkono, aje kwa miguu yake aseme. Atamsikiliza, na Gakii atamsikiliza.

Akanitazama. Mzee si mjinga yule.

"Kuna mwingine, Philemon?"

Nikatazama viatu vyake. Kimoja kamba imefunguka. Nje gari la taka likapita.

Nikamwambia nimekuja kuuliza kama anataka kusaidiwa kufunga masanduku.

Akapumua. Akasema sawa. Nimefunga masanduku mpaka usiku, nimekaza kamba mpaka vidole vimechubuka, na kwa kila fundo nimemtukana Collins kimoyomoyo. Nikiondoka, Mzee akasema kwa vile Collins hana watu wa Meru hapa, mimi nitasimama upande wake. Nimfundishe mila.

Mimi! Nimfundishe!


Jumamosi, 31 Mei

Kesho Mzee anapanda ndege. Leo watu wanakutana kwake kumuaga, na Collins atapewa jibu mbele ya wote. Kila mtu anadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Sikulala, nimefikiria, na sasa nimejua kosa langu lilikuwa wapi.

Mwanzoni nilidhani kosa ni kutuma mtu. Si kweli! Kutuma mtu ni sawa kabisa, Ambleford wanafanya hivyo na hawana talaka. Kosa ni nani nilimtuma. Nilimtuma kijana. Ukimwona kijana na asali, utafikiri nini? Shemasi lazima awe mzee, mtulivu, ndevu nyeupe, mtu ambaye hakuna anayeweza kumdhania vibaya.

Ndiyo. Gurmit!

Safari hii amekubali. Nilimwendea Queensbury mwenyewe, nikamsaidia kuosha basi, nikamsihi. Mwanzo akasema yale yale ya miguu na mdomo. Halafu akafuta mikono, akasema sawa kijana, mimi pia naheshimu ile msichana, yeye moja tu kwa basi nauliza habari ya goti yangu. Amekaa peke yake tangu mke wake afariki, nafikiri anafurahi kupata pa kwenda. Alhamisi alikuwa na abiria wa upande ule, akapitia Ambleford, akaleta chupa ya asali kubwa kuliko ile ya kwanza.

Nimempanga vizuri. Ataingia mbele ya watu wote kabla Collins hajapewa jibu. Atampa Mzee kwa mikono miwili. Mimi nitakuwa jikoni, nyuma ya mlango, nikisikiliza. Jana aliniuliza kama ataje jina langu. Nikamwambia hapana, hapana kabisa. Hilo ndilo Mzee alilipenda zaidi kwa Collins, alisema mtu hajitaji. Akiulizwa aseme tu ni mtu anayemheshimu, basi. Gakii atajua. Mzee atajua. Collins atakaa na lile tabasamu lake!

Auntie Serah ameuliza mbona napiga mluzi. Sijamwambia. Angeharibu.

Lazima niache hapa. Gurmit amefika, anapiga honi barabara nzima. Amevaa suti, na kilemba kipya cha rangi ya waridi. Nimemuuliza kwa dirisha mbona amejipamba hivyo, akasema mtu haendi kwa mzee wa watu na hii jambo kama anakwenda gereji. Ana heshima sana. Naenda sasa, amesema Mzee amesikia analeta asali, amempigia mwenyewe, anamngoja mlangoni.